Faili Lisilofunguka
Mhadhara kwa wanafunzi na watafiti wa sayansi



Nimekuja na faili moja. Linaitwa S04E037.hgt, lina baiti 2,884,802, na ndani yake kimo kilele cha Kibo, mlima Kilimanjaro.

Ukilibofya, kompyuta itakuuliza ilifungue kwa programu gani. Ukililazimisha kwenye programu ya maandishi litakumwagia alama zisizosomeka, ukurasa baada ya ukurasa. Wengi wetu hapo husema faili limeharibika. Nimeshuhudia mafaili ya namna hii yakifutwa ili kupata nafasi kwenye diski, na waliofuta hawakuwa wazembe. Walijaribu kila programu waliyokuwa nayo, wakachoka. Lakini faili hili halina kasoro hata ya baiti moja. Ni vipimo vya mwinuko vilivyotokana na safari ya chombo cha anga Endeavour ya Februari 2000, kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada na kupima sura ya nchi kavu kutoka latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Vipimo vya eneo hili vimo humo, kwa mpangilio, vikingoja msomaji.

Ninachotaka kusema jioni hii ni kimoja. Kufungua faili geni ni kazi ya kusoma, na huwezi kusema umelifungua mpaka likupe jibu sahihi la jambo ambalo tayari unalijua bila msaada wake. Programu ikimaliza kazi bila kulalamika, bado hujathibitisha kitu.

Tulisome hili la Kibo pamoja.

Umbizo hili halina kichwa. Hakuna mstari wa kwanza unaojitambulisha, hakuna tarehe, hakuna kizio cha kipimo. Tuanze basi na kile tunachokijua kabla ya kulifungua, yaani ukubwa wake. Gawanya 2,884,802 kwa mbili, unapata 1,442,401. Tafuta kipeuo cha pili cha hiyo: ni 1,201 kamili, bila desimali. Ni vigumu kuamini kuwa hiyo ni bahati tu. Tunaanza kushuku kwamba mbele yetu kuna mraba wa namba, mistari 1,201 kwa safu 1,201, kila namba ikikaa kwenye baiti mbili. Na kwa nini 1,201 badala ya 1,200? Digrii moja ina sekunde 3,600, na hapa kuna kipimo kimoja kila baada ya sekunde tatu, kama mita 90 ardhini. Hizo ni nafasi 1,200. Aliyewahi kujenga ua anajua kwamba nafasi kumi huhitaji nguzo kumi na moja. Nguzo ya mwisho ya faili hili ndiyo ya kwanza ya faili jirani.

Digrii ipi? Jibu liko kwenye jina. S04E037 inataja pembe ya kusini-magharibi ya mraba: latitudo 4 kusini, longitudo 37 mashariki. Kilele cha Uhuru, ndicho cha Kibo, kiko latitudo 3.0758 kusini na longitudo 37.3533 mashariki. Mistari huanzia kaskazini ikashuka kusini, kwa hiyo kilele kinaangukia mstari wa 91 na safu ya 424, ukianza kuhesabu kutoka sifuri. Tukifika hapo tunatarajia kukuta namba iliyo jirani na kimo chake, mita 5,895.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu, tumekuta 5,895 yenyewe. Kwenye diski imekaa kwa baiti mbili: 23, halafu 7. Maana yake ni 23 mara 256, jumlisha 7. Kokotoeni wenyewe. Lakini kompyuta nyingi tulizonazo leo huanza na baiti ndogo. Zikikuta 23 na 7 huzisoma kama 7 mara 256, jumlisha 23, yaani 1,815.

Watu wa pwani hawapaswi kushangaa. Sisi husema ishirini na tano, Mwarabu husema tano na ishirini, na bado tumeuziana kwa karne nyingi bila kupunjana, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake anaanzia wapi. Mpangilio wa baiti ni jambo hilohilo. Kosa huja pale usipouliza.

Ubaya wa 1,815 ni kwamba inaaminika. Ingekuwa milioni tatu, ungeruka kitini. Mita 1,815 ni kimo cha kawaida kabisa kwenye mitelemko ya Kilimanjaro, huko kwenye migomba na kahawa. Mtu anayekokotoa wastani wa mwinuko wa wilaya anaweza kuipokea, akaendelea, akaandika ripoti, na ripoti ikasainiwa. Kitakachomwokoa ni kuchora picha. Jirani wa 5,895 ni 5,894, na kwa usomaji wa kinyume huyo anakuwa 1,559. Jirani wa juu, 5,896, anakuwa 2,071. Hatua ya mita moja imegeuka genge la mita 256. Ukichora ramani utaona mlima wenye mistarimistari kama pundamilia, na hapo hapo utajua kuna tatizo. Kwa hiyo nawasihi: chora kwanza, kokotoa baadaye.

Kuna hatari nyingine ndani ya faili hilohilo, na hii ndiyo inayoninyima usingizi. Kwenye magenge makali rada haikupata mwangwi wa kuaminika. Mahali pasipo na kipimo paliwekwa alama: −32,768. Namba hiyo imechaguliwa makusudi iwe ya ajabu, ili kila mtu aione na kuiweka kando. Isome kwa mpangilio wa kinyume na inakuwa 128. Mita 128! Alama iliyowekwa ili kupiga kelele kwamba hapa hapajapimwa sasa imekuwa kilima kidogo cha heshima, kama vile vya nyuma ya pwani. Pengo limevaa nguo za kipimo.

Na angalieni mahali mnapochagua kuhakiki. Ukichukua faili la Dar es Salaam, S07E039, ukaangalia bahari, utakuta sifuri. Sifuri ikisomwa kutoka kulia au kushoto ni sifuri. Utafurahi bure. Pa kuhakikia panatakiwa pawe mahali ambapo kosa, kama lipo, lazima lionekane. Kwa mwinuko wa Afrika Mashariki hapo ni Kibo.

Najua wapo wanaosema moyoni kwamba haya yote yanafanywa na programu. Ni kweli. GDAL, programu huria aliyoianzisha Frank Warmerdam mwaka 1998, inalifahamu umbizo hili na itawageuzia faili kuwa picha ya TIFF yenye majira ya ramani kwa amri moja. Lakini jaribuni kulibadilisha jina kwanza. Liiteni mlima.hgt, kama ambavyo mtu yeyote mwenye nia njema angefanya ili asilisahau. GDAL haitajua tena namba hizi ni za wapi duniani, kwa kuwa mahali palikuwa pameandikwa kwenye jina tu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa faili hili, daftari lote lilikuwa herufi saba.

Nimekaa sana na mfano mmoja kwa sababu mambo mengine yote yanafanana nao. Tuseme neno kuhusu maana ya kusoma.

Barua na tenzi za kale za Kiswahili ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Kiarabu hakina p wala mb, hivyo herufi ba ilibebeshwa mzigo wa zote tatu. Neno lililoandikwa vilevile lingeweza kuwa bata, pata au mbata. Aliyejua herufi bila kujua Kiswahili alikwama papo hapo. Aliyejua Kiswahili aliangalia sentensi inazungumzia nini, akachagua. Baiti ndivyo zilivyo. Baiti nne zilezile zinaweza kuwa herufi nne, namba mbili fupi, namba moja ndefu, au namba yenye desimali, na diski haikuambii ni ipi.

Mfano ulio karibu nasi ni data za mitetemo ya ardhi, zile zinazotumika kutafuta mafuta na gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Umbizo la SEG-Y, ambalo sekta hiyo inalitumia mpaka leo, lilichapishwa mwaka 1975, enzi za kanda za sumaku na kompyuta kubwa za IBM. Baiti 3,200 za mwanzo ni maandishi: mistari 40 yenye herufi 80 kila mmoja, kama kadi 40 zilizotobolewa. Lakini kwa kawaida yameandikwa kwa alfabeti ya IBM iitwayo EBCDIC, ambamo nafasi tupu ina namba ambayo kompyuta zetu huitumia kwa alama ya @. Ukifungua faili la kale ukaona @ kwa mamia zimejipanga mwanzoni, usilitupe. Hiyo ni nafasi tupu iliyovaa sura ya kigeni, na amri ya dd iliyomo kwenye kila Linux itayageuza maandishi hayo yasomeke. Humo utakuta nani alipima, kwa meli gani, kwenye mstari upi.

Baada ya kichwa zinafuata namba, na nyingi za enzi hizo ni za desimali kwa mtindo wa IBM. Kwa mtindo huo moja huandikwa, kwa heksadesimali, 41 10 00 00. Mpe baiti hizo msomaji wa mtindo wa kisasa, atakwambia ni tisa. Hatasita, hataonya. Moja imekuwa tisa, na kwa kuwa kila namba inapotoka kwa kiasi chake, mchoro wa matabaka ya miamba bado utafanana na mchoro wa matabaka ya miamba. Huu ni mfano ninaowapa wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka kuna anayeniomba niurudie, kwa sababu si rahisi kukubali kwamba mashine inaweza kukosea kwa utulivu kiasi hicho.

Maumbizo mengi, tofauti na la Kibo, hujitambulisha. Fungua faili lolote kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, kama xxd, usome mwanzo wake. Faili la hali ya hewa la GRIB huanza na herufi GRIB na kuishia na 7777. La netCDF la zamani huanza na CDF. La HDF5 lina baiti moja isiyo ya kawaida, kisha HDF. Na faili la netCDF la toleo la nne limejengwa juu ya HDF5, kwa hiyo nalo hujitaja hivyo, usishangae. Picha za hospitali za DICOM huacha baiti 128 kisha huandika DICM. TIFF huanza na II au MM, na herufi hizo mbili zinakupa jibu la swali letu la 23 na 7: II ni baiti ndogo kwanza, MM ni kubwa kwanza. Ukiona PK, hilo ni furushi la zip, hata kama jina linasema xlsx au kmz. Lifungue uone yaliyomo. Amri ya file kwenye Linux inajua mamia ya alama hizi na itakujibu kwa sekunde moja.

Herufi za mwisho wa jina, hizo msiziamini. Mwanafunzi mmoja alinijia na faili la .sav alilotumiwa na mtafiti wa nje, amehangaika nalo kwenye SPSS, programu ya takwimu, wiki mbili. Faili la SPSS huanza na $FL2. Hili lilianza na SR. Lilikuwa limehifadhiwa na IDL, lugha wanayoitumia sana wanaanga na wataalamu wa setilaiti, nayo pia hutumia .sav. Mistari miwili ya Python ikalifungua. Wiki mbili za kijana yule zilipotelea kwenye herufi tatu. Na kwa wale ambao faili lao ni la SPSS kweli ila leseni hawana: PSPP ni ya bure, na R inalisoma vizuri. Aliye na picha za hadubini kutoka mashine za makampuni mbalimbali aanze na Bio-Formats ndani ya programu ya Fiji, inayosoma maumbizo zaidi ya 150. Mkemia aanze na Open Babel. Mwenye GRIB na netCDF atafute CDO, iliyotengenezwa katika taasisi ya Max Planck kule Hamburg. Sitawachosha na orodha.

Tuseme namba sasa zimesomeka. Bado hatujafika.

Setilaiti za Terra na Aqua hutupatia joto la uso wa ardhi. Fungua faili, utaona namba kama 15,000. Joto gani hilo? Ndani ya kichwa cha faili kumeandikwa kizidisho, 0.02. Zidisha, unapata 300, nazo ni kelvini, ondoa 273.15, unapata karibu nyuzi 27 za Selsiasi. Namba zimehifadhiwa hivyo ili kuokoa nafasi. Programu nyingine huzidisha zenyewe, nyingine hazizidishi, na nimeona kazi ambamo kizidisho kilitumika mara mbili. Kwa dodoso za kaya mambo ni hayohayo kwa sura nyingine: ukigeuza faili la SPSS kuwa CSV bila uangalifu, maelezo ya namba hubaki nyuma. Moja na mbili zilizokuwa mume na mke zinabaki moja na mbili, na 99 iliyomaanisha hakutaja umri inakuwa bibi wa miaka tisini na tisa. Watu hamsini wasiotaja umri wanatosha kukizeesha kijiji.

Halafu kuna saa. Hili nilikutana nalo mwenyewe, na naamini ni letu kuliko la mtu mwingine yeyote duniani.

Nililetewa jedwali la vipimo vya joto vya kituo kimoja, limenakiliwa kutoka kwenye madaftari, limegeuzwa kutoka programu moja ya kale hadi nyingine, mara tatu. Lilikuwa na safu iitwayo SAA, na ndani yake namba mbili tu zikipokezana: 3 na 9. Aliyegeuza mara ya mwisho aliziandika kwenye netCDF kama saa tisa usiku na saa tatu asubuhi, akihesabu kwa saa 24. Faili likapita ukaguzi wote wa programu, maana tarehe zilikuwa halali na hakuna pengo. Nilipolichora, joto la saa ile ya 9 lilikuwa juu kila siku, juu kuliko inavyowezekana asubuhi. Nikalitazama kwa muda mrefu. Kisha nikakumbuka vituo vyetu husoma vipimo saa ngapi: saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, ambazo kwa saa ya kimataifa ni 06 na 12. Mwangalizi wa zamani aliandika saa kama alivyozitaja kinywani, kwa Kiswahili. Tatu yake ilikuwa tatu asubuhi. Tisa yake ilikuwa tisa ya jua kali.

Hakuna programu ambayo ingeligundua hilo. Lilihitaji mtu anayejua jua huwa kali saa ngapi, na anayejua kwamba saa zetu za mchana huanza kuhesabiwa alfajiri. Nawaambia vijana mnaodhani kazi hii ni ya wataalamu wa ng'ambo: faili lile lingeweza kukaa kwenye seva kubwa kabisa ya dunia, na bado ufunguo wake ulikuwa hapa.

Sasa kugeuza. Watu huuliza, nigeuze iwe nini? Na jibu la haraka huwa Excel au CSV. Kwa jedwali dogo, sawa. Lakini lazima ujue chombo unachomiminia kina ukubwa gani na kina tabia gani.

Uingereza, mwaka 2020, wakati wa korona: maabara zilikuwa zikituma matokeo kama mafaili ya maandishi, nayo yakamiminwa kwenye lahajedwali la umbizo la kale la .xls, ambalo halizidi mistari 65,536. Yaliyozidi yalimwagika. Wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuhesabiwa kwa wakati, na waliokuwa wamekaa karibu nao walichelewa kutafutwa. Hilo ni kosa la kugeuza faili, si la maabara wala la daktari.

Wanajenetiki nao walikuwa na jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT2. Excel iliziona tarehe, ikazigeuza kuwa tarehe bila kuuliza. Mwaka 2016 Mark Ziemann na wenzake walionyesha kwamba karibu makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni kwa Excel zilikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadili majina: sasa ni MARCHF1 na SEPTIN2. Sayansi ilibadili majina ya jeni kwa sababu ya programu ya mahesabu ya ofisini. Mimi naona walifanya jambo la busara, na pia naona ni jambo la kusikitisha.

Kanuni zangu katika kugeuza ni chache. Faili la asili haliguswi, haliitwi jina jipya, na alama yake ya SHA-256 huandikwa pembeni ili siku moja tuthibitishe kuwa halijabadilika. Geuza kwa amri iliyoandikwa kwenye faili, usigeuze kwa kubofya, maana mbofyo hauachi kumbukumbu. Data yenye pande nyingi, kama mvua kwa latitudo, longitudo na muda, ipeleke kwenye netCDF, usiitandaze kwenye CSV ambayo itakuwa kubwa ajabu na imepoteza vizio vyake. Na ukimaliza, geuza kinyume urudi ulikotoka, kisha linganisha.

Nimalizie na suala la muda, kwa sababu faili halisomwi na aliyeliandika tu.

Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua sayari ya Mars na kufanya majaribio ya kutafuta uhai. Miaka zaidi ya 20 baadaye Joseph Miller, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliomba data za jaribio mojawapo. Kanda zilikuwepo. Umbizo lake ndilo lililokuwa limesahaulika. Waliolijua walikuwa wamekufa au wameondoka. Kazi ilibidi ifanyike kutoka kwenye karatasi zilizochapwa zamani, namba zikiingizwa upya kwa mkono. Binadamu alifikisha vyombo vyake Mars, akapima udongo wake, akapata majibu, kisha akashindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe.

Tazama sasa upande wa pili. Mwaka 1981 Wells, Greisen na Harten walichapisha umbizo la wanaanga liitwalo FITS. Kichwa chake ni maandishi ya kawaida, mistari ya herufi 80, iliyofungwa katika vipande vya baiti 2,880, nalo huanza na neno SIMPLE. Likiwa halina programu ya kulifungua, bado jicho la mtu linaweza kulisoma na kujua namba ni za aina gani na ziko ngapi. Waliolisimamia walijiwekea sharti kwamba hakuna badiliko litakalofanya faili la zamani lisisomeke tena, na sharti hilo limeheshimiwa. Maktaba ya Vatikani, ilipoanza kuhifadhi miswada yake ya kale kwa picha za kidijitali, ilichagua umbizo hili la wanaanga.

Na hapa pana jambo linalonigusa. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyojengwa mahususi kutazama mbingu kwa mionzi ya eksirei. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya nne ina vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo kisayansi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Setilaiti hiyo ni ya kabla ya FITS. Orodha yake inasomeka leo, kwenye kompyuta ya kila mmoja wenu, kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakaihamisha kutoka umbizo moja hadi jingine, safu kwa safu, wakieleza kila safu ni nini. Majina yao hayatajwi sana. Kazi yao ndiyo inayotuwezesha kusema Uhuru iliona nini.

Kwetu kuna madaftari ya mvua, vipimo vya kina cha maziwa, diski za tafiti za afya, kanda za mitetemo, picha za hadubini kwenye CD zilizoanza kuchubuka. Sehemu kubwa bado inaweza kufunguliwa. Waliozikusanya bado wako hai, wengi wamestaafu, na wanakumbuka 99 ilimaanisha nini na saa iliandikwaje.

Kwa hiyo nina ombi moja. Wiki hii chagueni faili moja la kale katika idara yenu. Mtafuteni aliyelitengeneza, muulizeni, na andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili au kwa Kiingereza: nani alipima, wapi, kwa kizio gani, saa ya nani, na mahali pasipo na kipimo paliwekwa nini. Kisha mpeni mtu wa idara nyingine faili na ukurasa huo, ajaribu kulifungua ninyi mkiwa hampo.

Faili la Kibo nimeliacha kwenye kompyuta hii ya mbele. Anayetaka kukitafuta kilele aanze kwenye baiti ya 219,430, asome mbili, kubwa kwanza.